Nadharia ya Sumakuumeme Ilivyoingia Darasani

Kozi ya nadharia ya sumakuumeme anayoisoma mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya fizikia ina mpangilio unaofanana karibu kila mahali. Huanza na chaji zilizotulia, ikafuata mikondo isiyobadilika na usumaku wake, halafu uga unaobadilika kadiri muda unavyopita, na mwishoni milinganyo minne ya Maxwell na mawimbi yanayotokana nayo. Mpangilio huo umezoeleka kiasi kwamba ni rahisi kudhani kuwa James Clerk Maxwell mwenyewe ndiye aliyeuacha. Ukweli ni kwamba kitabu chake cha mwaka 1873 kiliwatoa jasho hata wanahesabu waliobobea, milinganyo yake haikuwa minne, na njia wanayopitishwa wanafunzi wa leo hadi kwenye wazo lake kuu siyo aliyoipita yeye. Kozi hii ilichukua zaidi ya miaka 80 kufikia umbo lake, na waliolifinyanga umbo hilo walikuwa zaidi wale waliolazimika kuisoma nadharia, kuifundisha au kuitumia kazini.

Habari yenyewe inaanzia Copenhagen mwaka 1820, Hans Christian Ørsted alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Miezi michache baadaye, huko Paris, André-Marie Ampère alionyesha kuwa nyaya mbili zinazopitisha mikondo ya mwelekeo mmoja huvutana, na zenye mikondo ya mielekeo inayopingana husukumana. Ampère aliitafutia kani hiyo kanuni ya hesabu iliyotegemea umbali na pembe kati ya vipande vidogo vya waya, bila kuuliza katikati yake kuna nini. Wanafizikia wengi wa bara la Ulaya waliendelea na mtazamo huo kwa nusu karne iliyofuata.

Michael Faraday, aliyeanza maisha ya kazi kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu jijini London, hakuwa na hesabu za aina hiyo. Tarehe 29 Agosti 1831, katika Royal Institution, alichukua pete ya chuma laini na kuizungushia waya pande mbili. Koili moja aliiunganisha na betri, na ya pili akaiunganisha na waya uliopita juu ya sindano ya sumaku. Betri ilipounganishwa, sindano ilitikisika, kisha ikatulia ingawa mkondo uliendelea kupita. Betri ilipoondolewa, sindano ilitikisika tena, safari hii upande wa pili. Faraday alitambua kuwa umeme katika koili ya pili ulizaliwa pale tu usumaku ulipokuwa ukibadilika. Ili kueleza aliyoyaona, alizungumzia mistari ya kani inayojaza nafasi iliyo kati ya vitu, kama ile inayojichora kwa unga wa chuma juu ya karatasi iliyowekewa sumaku chini yake. Wanahesabu wengi walimheshimu kwa majaribio yake lakini wakaichukulia mistari hiyo kuwa picha tu.

Maxwell, aliyezaliwa Edinburgh mwaka huohuo wa 1831, hakuichukulia hivyo. Alipomaliza masomo Cambridge mwaka 1854 aliamua kumsoma Faraday kwanza, kabla ya kugusa maandishi ya wanahesabu wa umeme. Msaada mkubwa ulitoka kwa William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Thomson alikwisha kuonyesha kuwa hesabu za joto linalosafiri ndani ya kitu kigumu zinalingana na hesabu za kani ya umeme, na ndiye aliyebuni, katika miaka ya 1840, mbinu ya kuiweka chaji ya kufikirika ndani ya tufe la metali badala ya kuhangaika na chaji zote zilizotapakaa juu ya tufe hilo. Zoezi la tufe hilo lingali linatolewa katika muhula wa kwanza wa kozi hii.

Maxwell aliijenga nadharia yake katika makala tatu kubwa: ya 1856, ya 1861 na 1862, na ya 1865. Makala ya pili ndiyo yenye mengi ya kushangaza kwa mwanafunzi wa leo. Humo Maxwell alieleza nafasi kama mashine. Uga wa sumaku ulikuwa vizungushi vidogo vinavyozunguka kama pia, na kati yake vilikuwapo vipira vidogo vilivyohama pale mkondo ulipopita. Alipovipa vizungushi hivyo sifa ya kunepa, hesabu zilimletea mkondo wa ziada, unaotokea popote uga wa umeme unapobadilika, hata pasipo na waya. Kitu chenye kunepa hupitisha mawimbi, na kasi ya mawimbi hayo ilipatikana kwa vipimo vya umeme pekee. Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch walikuwa wamevifanya vipimo hivyo Ujerumani mwaka 1856, na tarakimu yao ilitoa takribani kilomita 310,740 kwa sekunde. Kasi ya mwanga iliyopimwa na Hippolyte Fizeau, kama Maxwell alivyoinukuu, ilikuwa karibu kilomita 315,000. Maxwell alihitimisha kuwa mwanga wenyewe ni mtikisiko wa umeme na usumaku.

Darasani leo wazo hilohilo hufikiwa kwa mlango mwingine. Mwanafunzi huchorewa kapasita inayochajiwa. Mkondo unaingia kwenye bamba moja na kutoka kwenye la pili, lakini kati ya mabamba hakuna chaji inayovuka. Kanuni ya Ampère inasema usumaku unaouzunguka waya hupimwa kwa mkondo unaotoboa uso wowote uliopakana na mzingo uliochorwa kuuzunguka waya huo. Uso wa kwanza ukipasuliwa na waya, jibu ni mkondo mzima. Uso wa pili ukitutumka na kupita katikati ya mabamba, jibu ni sifuri. Majibu mawili kwa swali moja hayakubaliki, na mgongano huo huondoka pale kubadilika kwa uga wa umeme kati ya mabamba kunapohesabiwa kama mkondo. Maelezo haya ni mazuri, na yanatosha kabisa kumshawishi mwanafunzi, lakini ni kazi ya walimu waliokuja baadaye. Ukiyatafuta katika makala za Maxwell za miaka ya 1860 huyapati.

Makala ya 1865 iliiacha mashine na kubaki na milinganyo 20 yenye vitu 20 visivyojulikana. Kisha ukaja mwaka 1873 na kitabu chenyewe, A Treatise on Electricity and Magnetism, juzuu mbili zilizochapwa Oxford. Ni kitabu kikubwa kwa kila maana, lakini hakikuandikwa kwa kumshika mwanafunzi mkono. Kinaanza na vipimo, kinapita katika umemetuli, mikondo na usumaku, na milinganyo mikuu inasubiri hadi sehemu ya nne, ndani ya juzuu ya pili. Chaji, ambayo mwanafunzi wa leo huianza siku ya kwanza kama kitu kilichobebwa na elektroni, kwa Maxwell haikuwa kitu kinachosimama peke yake. Aliiona kama alama inayojitokeza mahali ambapo hali ya uga inakatika, kwa mfano kwenye uso wa metali.

Alama moja ya kitabu hicho imebaki hadi leo bila wengi kujua ilikotoka. Maxwell alizipa vekta zake herufi kwa kufuata tu mpangilio wa alfabeti: A kwa potenshali ya vekta, B kwa uga wa sumaku unaohusika na uzalishaji wa umeme, C kwa mkondo, D kwa mhamo wa umeme, E kwa uga wa umeme, na kuendelea hadi H kwa kani ya sumaku. Mwanafunzi anayejiuliza kwa nini uga wa sumaku uandikwe B hana sababu ya kutafuta neno lililofupishwa.

Kilichokiingiza kitabu hiki darasani kilikuwa mtihani. Cambridge ilikuwa na Mathematical Tripos, mtihani wa hesabu wa siku kadhaa uliofanywa Januari, ambao matokeo yake yalitangazwa kwa kupanga majina kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyeshika nafasi za juu alikuwa na uhakika wa kazi chuoni. Mwaka 1854 Maxwell alishika nafasi ya pili, na wa kwanza alikuwa Edward Routh. Karibu na katikati ya karne umeme na usumaku vilikuwa vimeondolewa kwenye mtihani huo, kwa kuwa hesabu zake zilionekana hazijakomaa. Vilirudishwa mwaka 1873, mwaka uleule kitabu kilipotoka, na ghafla mamia ya vijana walihitaji mtu wa kuwaeleza mambo ambayo walimu wao hawakuwahi kuyasoma.

Maxwell mwenyewe alikuwapo Cambridge. Aliteuliwa profesa mwaka 1871 na maabara ya Cavendish, iliyojengwa kwa fedha za Duke wa Devonshire, ikafunguliwa mwaka 1874. Lakini mihadhara yake ilihudhuriwa na watu wachache mno, kwa sababu vijana waliotaka alama hawakuzitafuta kwenye mihadhara ya maprofesa. Walilipa walimu binafsi, na mwalimu binafsi aliyewapita wote alikuwa Routh huyohuyo wa 1854. Routh aliwafundisha kwa vikundi vidogo, kwa ratiba isiyotetereka, akiwapa maswali ya kukokotoa na kuwasahihishia kila juma. Wanafunzi wake zaidi ya 20 walishika nafasi ya kwanza kwenye Tripos. Alichokichota kutoka kitabu cha Maxwell kilikuwa hasa sehemu za umemetuli na potenshali zilizokokotoleka kwa ustadi. Mafundisho ya uga yenyewe, yaliyokuwa kiini cha kitabu, hayakuzaa maswali ya mtihani kwa urahisi.

Pengo hilo lilizibwa na William Davidson Niven, mhadhiri wa Trinity, aliyekipitia kitabu na wanafunzi akisimama hasa pale pagumu. J. J. Thomson, aliyeshika nafasi ya pili mwaka 1880 nyuma ya Joseph Larmor, alikuwa miongoni mwa waliomsikiliza. Maxwell alifariki Novemba 1879 akiwa na umri wa miaka 48, akiwa amerekebisha sura tisa tu za kwanza kwa ajili ya toleo la pili, na Niven ndiye aliyelikamilisha mwaka 1881. Toleo la tatu, la 1891, lilihaririwa na Thomson, aliyekuwa amefundishwa kwa toleo la kwanza. John Henry Poynting, mwingine aliyepita Tripos katika miaka hiyo, alionyesha mwaka 1884 kwamba nishati ya umeme husafiri katika nafasi inayouzunguka waya, na kwamba uelekeo wake hupatikana kwa kuizidisha vekta ya uga wa umeme na ile ya uga wa sumaku. Matokeo hayo sasa ni sura nzima ya kozi. John Ambrose Fleming, mmoja wa wachache waliohudhuria mihadhara ya mwisho ya Maxwell, alipokuwa profesa London aliwabunia wanafunzi wake kanuni za mkono wa kushoto na mkono wa kulia, zile ambazo kila mwanafunzi wa sekondari Afrika Mashariki amewahi kuzikunjia vidole ndani ya chumba cha mtihani.

Hata hivyo, mtu aliyeipa nadharia sura inayosomwa leo hakusoma chuo chochote. Oliver Heaviside, mzaliwa wa London wa mwaka 1850, aliacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya telegrafu Denmark na kisha Newcastle, na mwaka 1874 akaacha kazi asirudi tena kuajiriwa. Alikiona kitabu cha Maxwell kikiwa kipya, akajifundisha hesabu zilizohitajika, na akatumia miaka kadhaa kukielewa. Tatizo lililomkera lilikuwa la kazini. Ishara zilizotumwa ndani ya nyaya za chini ya bahari zilifika zimevurugika na kufifia. Waya wa kwanza kuvuka Atlantiki, wa mwaka 1858, ulikufa baada ya majuma machache, na nadharia ya William Thomson kuhusu nyaya hizo ilishughulikia sehemu tu ya tatizo. Biashara yenyewe ilikuwa inapanuka haraka. Mwaka 1879, mwaka aliofariki Maxwell, waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Zanzibar na kuendelea hadi Msumbiji na Durban, na pwani ya Afrika Mashariki ikaunganishwa na London kwa njia hiyo.

Heaviside aliona kuwa milinganyo ya Maxwell, kama ilivyoandikwa, ilikuwa imebeba potenshali nyingi zisizomsaidia mhandisi kujua nishati iko wapi na inakwenda wapi. Mnamo 1884 na 1885, katika jarida la wahandisi liitwalo The Electrician, aliipanga upya. Aliondoa potenshali, akaweka mbele uga wa umeme na uga wa sumaku, na akaiandika yote kwa aljebra ya vekta aliyoirahisisha mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa milinganyo minne. Alianzisha pia desturi ya kuchapa vekta kwa herufi nzito, inayofuatwa na vitabu hadi leo. Kutokana na milinganyo hiyo alionyesha mwaka 1887 kuwa kuongeza uzalishaji-nafsi kwenye waya kungeweza kuondoa mvurugiko wa ishara, jambo ambalo wakuu wa telegrafu ya posta ya Uingereza walilikataa. Josiah Willard Gibbs wa Yale, Marekani, alifikia aljebra ya vekta ileile kwa njia yake na kuichapa kwa ajili ya wanafunzi wake mwaka 1881 na 1884. Watetezi wa kwatenioni, aljebra iliyotangulia vekta hizo, wakiongozwa na Peter Guthrie Tait, walipinga kwa ukali miaka mingi. Walishindwa, na ni vema walishindwa, kwa kuwa vekta za Gibbs na Heaviside ndizo zilizoiweka nadharia ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa kawaida.

Ujerumani ilichelewa, kisha ikawatangulia wote. Hermann von Helmholtz ndiye aliyemsukuma mwanafunzi wake Heinrich Hertz kuyapima madai ya Maxwell. Huko Karlsruhe, kati ya 1886 na 1888, Hertz alitoa cheche kwenye nyaya mbili zenye mwanya kati yake na akazipokea kwa pete ya waya iliyowekwa mbali, nayo ikitoa cheche ndogo zilizoonekana gizani. Aliyaakisi mawimbi kwa bamba la zinki, akapima urefu wa wimbi, na akaonyesha kuwa yanapinda na kuakisika kama mwanga. Baada ya hapo hakuna idara ya fizikia iliyoweza kuendelea na Weber na Ampère peke yao. Hertz aliiandika upya milinganyo mwaka 1890, na baadaye akatamka kuwa, kwake yeye, nadharia ya Maxwell ni milinganyo yenyewe, na si mashine yoyote inayodhaniwa kuwa nyuma yake. Tamko hilo liliwapunguzia walimu mzigo mkubwa.

Mhandisi August Föppl alichapa mwaka 1894 kitabu cha utangulizi cha nadharia ya Maxwell kilichotumia vekta tangu mwanzo. Max Abraham alikifanyia marekebisho makubwa mwaka 1904, na kwa mikono ya Abraham na baadaye Richard Becker kikawa kitabu cha kiada cha vizazi kadhaa. Wakati huohuo Hendrik Antoon Lorentz wa Leiden aliunganisha uga wa Maxwell na chembe zenye chaji, na J. J. Thomson akathibitisha kuwapo kwa elektroni mwaka 1897. Chaji ikapata makao ya kudumu mwanzoni mwa kozi, mahali ambapo Maxwell asingeiweka. Kanuni ya kani inayoipata chaji inayosafiri ndani ya uga, inayofundishwa bega kwa bega na milinganyo minne, imepewa jina la Lorentz.

Kuchapwa kwa vitabu hakukumaanisha kufundishwa kila mahali. Albert Einstein alisoma Zürich kuanzia 1896 hadi 1900, na mihadhara ya profesa wake wa fizikia, Heinrich Friedrich Weber, haikumfikisha kwa Maxwell. Nadharia ya Maxwell aliitafuta mwenyewe, na alikuja kuandika kuwa ndiyo iliyomvutia kuliko zote enzi za uanafunzi wake. Makala yake ya 1905 kuhusu uhusianifu inafunguka na sumaku na koili. Sumaku ikisogea, vitabu vilieleza kuwa uga wa umeme umezaliwa. Koili ikisogea, vilieleza habari nyingine kabisa, ilhali mkondo unaopimwa ni uleule. Föppl alikuwa amelijadili jambo linalofanana na hilo katika kitabu chake.

Vita vya pili vya dunia viliisogeza kozi upande wa mawimbi. Kitabu cha Julius Stratton wa MIT kilitoka mwaka 1941, mwaka mmoja baada ya maabara ya rada kufunguliwa chuoni hapo, na wanafizikia waliotoka kwenye rada walirudi madarasani wakiwa wamezoea antena na mirija ya kuongozea mawimbi. Wakati huo somo lilikuwa limegawanyika ngazi mbili. Ngazi ya juu ilipata kitabu chake maarufu mwaka 1962, cha John David Jackson. Kwa ngazi ya shahada ya kwanza, Richard Feynman alitoa mihadhara yake California kati ya 1961 na 1963, na juzuu ya pili, iliyochapwa 1964, imejaa sumakuumeme. Edward Purcell aliandika kitabu kilichotoka 1965 ambacho hakianzi usumaku kwa dira wala sumaku. Kinamwonyesha mwanafunzi kuwa chaji inayosafiri kando ya waya wenye mkondo, ikitazamwa na mtu anayesafiri nayo, inavutwa na kani ya umeme ya kawaida, kwa sababu nafasi kati ya chaji za waya zimebadilika kwa kanuni za uhusianifu. Ni mojawapo ya kurasa bora kabisa kuandikiwa mwanafunzi wa fizikia. Mwaka 1981 David Griffiths wa chuo cha Reed, Oregon, alitoa kitabu kinachozungumza na msomaji moja kwa moja na kueleza kwa nini kila hatua inachukuliwa, nacho kimeenea kuliko kingine chochote katika ngazi hiyo.

Afrika Mashariki iliipokea kozi hii ikiwa imekwisha kufinyangwa. Makerere iliingia mwaka 1949 katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wakasomea shahada za London. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kitivo cha sayansi cha Dar es Salaam kikafunguliwa mwaka 1965. Muungano huo ulivunjika mwaka 1970, na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake na mamlaka ya kupanga mitaala na mitihani yake.

Waliosoma miaka hiyo walikuta somo likiwa na mifumo miwili ya vizio. Mmoja ulikuwa wa sentimita, gramu na sekunde, ambamo kasi ya mwanga hujitokeza ndani ya milinganyo yenyewe. Wa pili ulitokana na pendekezo la Mwitalia Giovanni Giorgi la mwaka 1901, uliokuja kuwa sehemu ya mfumo wa kimataifa wa vizio mwaka 1960. Jackson alitumia ule wa kwanza katika matoleo mawili, na katika toleo la tatu la 1998 akahamia wa pili kwa sehemu kubwa ya kitabu. Tarehe 20 Mei 2019 mfumo wa kimataifa wenyewe ulibadilishwa. Chaji ya elektroni ilipewa thamani isiyobadilika, na kigezo cha usumaku cha ombwe, ambacho vitabu vya awali vya mfumo huo vilikitaja kuwa 4π × 10⁻⁷ kamili, kikawa kitu cha kupimwa maabara. Tofauti iliyopatikana ni ndogo mno kugusa zoezi lolote la darasani, lakini sentensi ile katika matoleo ya zamani ya vitabu ililazimika kuandikwa upya.